Nilisawazisha Sauti

Kazi yangu ni vitufe vinne vya kutelezesha,
redioni, ghorofa ya pili, juu ya duka la saruji, Kasese.
Alhamisi ile mtangazaji aliniambia:
Thembo, tega maikrofoni mbili,
wageni ni wawili, mjadala uwe wa haki.

Akaingia Daktari Ithungu, viatu vina tope la mlimani.
Kapanda Rwenzori mara kumi na moja
kupima barafu kwa kamba,
na kila akipima, kamba inabaki.
Sauti yake ndogo,
ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

Akaingia Bwana Masereka, na kicheko chake mbele.
Jua ni lile lile la babu, alisema,
mvua huja ikitaka,
na hao wataalamu wenyewe kwa wenyewe wanavutana mashati.
Alijaa chumbani hata kabla hajakaa.

Nikafanya nilichofundishwa.
Nikampandisha mama, nikamshusha bwana,
juu kidogo, chini kidogo,
mpaka sindano mbili zikasimama sawa
kama mapacha waliovalishwa sare.
Mtangazaji akaniinulia dole gumba.

Hakuna aliyeuliza nyuma ya Ithungu wamesimama wangapi.
Ningewategea wote maikrofoni,
wapima theluji, wachimbua matope ya ziwa,
wanaosoma umri wa mti kwenye shina lake,
wale wa ng'ambo ambao hata hawajui jina la mto wetu,
foleni ingeshuka ngazi, ingepita duka la saruji,
ingekata soko la Nyakasanga hadi darajani.
Nyuma ya Masereka palikuwa na msumari
na kofia yake.

Wengi wape, tunasema,
kwenye kura, kwenye kikao cha mahari.
Sisi tuliwapa nusu.

Kisha simu.
Mmoja alitaka kusalimia wakwe zake wa Bwera.
Mmoja alisema ni dhambi zetu.
Halafu yeye, na kuku wakisikika nyuma yake:

Mimi Kabugho, wa huku chini mto unapopinda.
Godoro nilikuwa nimeshalifunga.
Mwanangu kanipatia chumba kule juu, elfu hamsini kwa mwezi.
Lakini nasikia hata wasomi hawajaafikiana.
Basi acha nilifungue.
Wakishaelewana, mtanitangazia?

Tutakutangazia, mama, akasema mtangazaji.
Ithungu alikuwa ameinua mkono, mdomo wazi.
Saa ikagonga.
Nikaweka tangazo la sabuni.

Nyamwamba ulishuka wiki ya tatu, saa tisa usiku,
na mawe yanayogongana ndani ya maji
kama mtu anahamisha vyombo vya nyumba nzima gizani.
Asubuhi mto ulikuwa umepinda kwingine.

Kabugho yu hai. Sisemi hivi ili nipumue.
Nilimkuta kwenye darasa la shule ya msingi,
familia sita na ubao mmoja,
hesabu za watoto bado hazijafutwa.
Alikuwa anakula bundu bila sombe.
Godoro hakulitaja.

Nilitumwa na kinasa sauti, nikusanye maneno ya waathirika.
Hakunijua. Nani anamjua fundi?
Aliposikia jina la redio akafuta vidole kwenye kitenge,
akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi:

Wale wasomi, wameshaelewana?

Niliwaza kumwambia sauti yako iko chini, mama, sogea.
Ndilo neno ninalolijua.
Badala yake nikasema:
Walishaelewana zamani.
Kabla hujafunga godoro.
Kabla mimi sijaajiriwa.

Akanitazama.
Sasa mbona hamkusema?

Taa nyekundu ilikuwa inawaka,
kinasa kilikuwa kinanasa.
Sindano moja tu,
imelala.